Megabaiti 8 na Hakuna Nafasi

Kompyuta hiyo ilikuwa na megabaiti 8 za kumbukumbu, lakini kila ulipofungua programu ya katalogi ilikujibu kwamba nafasi haitoshi. Wafanyakazi wa maktaba walishaihukumu: imezeeka, itupwe. Mimi nilikuwa naihitaji. Tasnifu yangu ya uzamili inategemea kanda za wazee waliohojiwa zamani, na juu ya kanda hizo pameandikwa namba tu. Daftari la namba liliharibika paa lilipovuja. Nani alizungumza, wapi, mwaka gani, yote yalibaki ndani ya CDS/ISIS, programu ya UNESCO iliyoenea katika maktaba nyingi enzi za DOS.

Mkutubi aliyeingiza rekodi zile amestaafu, anaishi jirani na chuo. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza jambo moja.

"Mwanangu, ilianza kukataa lini?"

"Wanasema ni tangu ilipowekewa kisomeo cha CD na kadi ya mtandao, mama."

"Basi haijazeeka. Imejazwa."

Alikuwa sahihi, na sababu yake ni ya mwaka 1981. Kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM ilitumia prosesa ya 8088, yenye njia 20 za anwani. Njia 20 zinafikia baiti 1,048,576, basi. Kilobaiti 640 za chini zikapewa DOS na programu; 384 za juu zikatengewa skrini, kadi na programu za kudumu za mashine. Prosesa za baadaye, 286 na 386, ziliweza kufikia kumbukumbu nyingi zaidi, lakini programu za DOS ziliendelea kubanana chini ya mpaka uleule. Ni nyumba ya vyumba vingi ambayo ukoo mzima unalala sebuleni.

Amri ya MEM /C ilinionyesha waliolala humo: DOS yenyewe, draiva ya CD, ya mtandao, ya kipanya. Katalogi iliachiwa kilobaiti 489.

Kwanza nilitengeneza disketi ya kuwashia, nikanakili humo CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT. Kisha nikaanza kuhamisha. HIMEM.SYS hufungua kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti ya kwanza, na DOS=HIGH huhamishia sehemu kubwa ya DOS katika ukanda wa karibu kilobaiti 64 ulioanzia hapo. EMM386.EXE, ikiandikwa pamoja na NOEMS na DOS=UMB, hutafuta mianya isiyotumika katika zile 384. Draiva huingizwa kwenye mianya hiyo kwa DEVICEHIGH na LH.

Nilipoiwasha upya, mashine iliganda.

Nikabonyeza F8 ili ipite mstari mmoja mmoja, nikiikubalia kila hatua. Ilikwama kwenye draiva ya mtandao. Kadi ile ilikuwa na eneo lake kuanzia D000, na EMM386 ililiona kama mwanya. Anwani mbili hazigombani kwa kelele. Kompyuta hunyamaza tu. Niliongeza X=D000-D3FF, yaani eneo hili usiliguse. Ikawaka. MEM ikasoma kilobaiti 603, bila kuongeza hata chipu moja. Katalogi ikafunguka.

Siku ile nilitoa rekodi zote katika faili la maandishi na kuzichapa. Lakini kabla ya hapo nilitafuta kanda niliyoisikiliza kuliko zote, ya bibi anayesimulia njaa. Skrini ilileta jina lake, kijiji chake, tarehe, na mstari wa maelezo alioandika mkutubi: alikataa kurekodiwa mpaka wajukuu wake waitwe waje kusikiliza.

Kwenye kanda ile watoto wanasikika nyuma ya sauti yake, wakicheka mahali ambapo hapachekeshi. Sasa najua ni kina nani, na kwa nini bibi hakuwafukuza.