Karatasi ya Mgonjwa Katika Ofisi ya Msikiti

Huenda msomaji akadhani kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023, ni shughuli ya mabenki na makampuni ya simu. Sisi tunaoshika kalamu katika kamati za misikiti tunaona vingine. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, pamoja na zile za watoto na zile zinazoonyesha imani ya mtu. Basi ni orodha gani ya msikiti isiyokuwa nyeti? Hata daftari la watoto wa madrasa limo.

Lililotushughulisha zaidi ni michango ya wagonjwa. Desturi yetu inajulikana: baada ya sala ya Ijumaa husimama mtu akatangaza jina la mgonjwa, maradhi yake na kiasi kinachohitajika. Zamani tangazo hilo liliishia ndani ya kuta za msikiti. Siku hizi hupachikwa kwenye tovuti, pamoja na picha ya mgonjwa kitandani na karatasi ya hospitali yenye namba ya faili, na likishatoka huko halirudi. Mgonjwa hupona, au hufikwa na ajali yake, huku binti yake akija kuposwa na watu walioisoma karatasi ile.

Sheria inataka ridhaa ya maandishi, itolewe kabla, na aliyeitoa anaweza kuiondoa. Tukaandaa fomu ya ukurasa mmoja: mgonjwa achague mwenyewe kama litajwe jina, yatajwe maradhi, itumike picha. Wazee wawili kikaoni walipinga, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Mtu hutoa pale moyo unapoguswa, na moyo hauguswi na "ndugu yetu mmoja". Isitoshe, matapeli wapo.

Tumeyaona yote mawili. Mzee mmoja anayesafishwa damu kwa maradhi ya figo alitaka tutangaze kila kitu, maana huenda mwingine akaenda kupimwa mapema. Mama mmoja mjane alikataa kila kitu isipokuwa kiasi cha fedha. Mchango wake ulipungua mno, na ilitubidi kupita nyumba kwa nyumba kwa wenye uwezo, tukiwaomba watuamini sisi. Karatasi zake waliziona watu watatu tu: imamu, mweka hazina na katibu. Ni kazi nzito kuliko kupachika picha. Lakini mwenye dhiki akihisi kwamba akikataa atakosa dawa, hiyo saini yake ni ridhaa gani? Pengo hilo ni letu kulijaza, si lake.

Aya ya 27 ya Surat an-Nur inatuamuru kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu. Maradhi ya mtu nayo ni chumba chake cha ndani.

Kwenye tovuti tumeondoa sehemu iliyomtaka mwombaji msaada aandike maradhi yake. Sasa huacha jina na simu, akapigiwa. Wafadhili wa siku ya kupima presha na sukari hupelekewa idadi, si majina.

Limebaki kabati la madaftari ya zamani. Wapo wanaotaka yachomwe, ila katika kurasa hizo hizo mna hesabu za wakfu na madeni ambayo hayajalipwa. Tumekubaliana kuyapitia ukurasa kwa ukurasa, Jumamosi baada ya Isha.