Siku ya Marafiki katika Hoteli za Nyama za Buenos Aires

Mji wa Buenos Aires, ulio makao makuu ya nchi ya Argentina katika Amerika ya Kusini, umejengwa kando ya mto mpana wa Río de la Plata, na nyuma yake zimetandaa mbuga za majani ziitwazo Pampa. Mgeni apitaye katika mitaa yake nyakati za usiku hupokewa na harufu ya nyama ya kuchoma kabla hajaiona hoteli yenyewe. Hoteli za namna hiyo huitwa parrilla, na maana ya neno hilo kwa Kispania ni wavu wa chuma wa kuchomea nyama. Zipo za fahari zenye vitambaa vyeupe mezani, na zipo za mitaani ambamo madereva wa teksi na wajenzi hula bega kwa bega.

Atakaye kuzijua hoteli hizi vema na azitazame usiku wa tarehe 20 Julai. Siku hiyo, ambayo huko huwa katikati ya majira ya baridi, Waargentina huadhimisha Siku ya Rafiki. Watu huenda kazini kama kawaida, lakini ikifika jioni kila kundi la marafiki hutafuta meza moja. Asiyeweka nafasi mapema huzunguka mji akapata milango imejaa. Mwaka 2005 watu waliopigiana simu za salamu siku hiyo walikuwa wengi hata mitambo ya simu za mkononi ikalemewa.

Wazo hilo lilitoka kwa daktari wa meno wa huko, Enrique Ernesto Febbraro. Wanadamu walipotua mwezini tarehe 20 Julai 1969, yeye aliona kwamba saa ile watu wa mataifa yote walikuwa wakiwaombea heri wasafiri watatu wasiowajua. Akaandika barua nyingi kwa watu wa nchi mbalimbali akipendekeza siku hiyo iwe ya urafiki. Mwaka 1979 ilitambuliwa kwa amri ya serikali huko Buenos Aires.

Na kwa nini marafiki hao hukutanishwa na nyama? Wahispania waliwaleta ng'ombe katika nchi hiyo karne ya 16, nao wakazaana katika Pampa bila mchungaji. Wapanda farasi wa mbugani, waitwao gaucho, walikula nyama hiyo kando ya moto, na ngozi ndiyo iliyouzwa. Mwaka 1876 ilifika Buenos Aires meli ya Kifaransa, Le Frigorifique, yenye mitambo ya baridi, na tangu hapo ikaonekana kwamba nyama mbichi yaweza kuvuka bahari hadi Ulaya. Hivyo chakula cha mchungaji kikawa utajiri wa taifa.

Mchomaji wa huko hana haraka. Huwasha kuni kando, akangoja zigeuke makaa, ndipo huyasambaza chini ya wavu. Nyama haiguswi na ndimi za moto. Kiungo chake ni chumvi tu. Mbavu hulazwa upande wa mifupa kwanza, zikaiva polepole. Mezani hutangulia soseji, soseji za damu, figo na utumbo; kisha huja mbavu, na baadaye steki nene ya salala ambayo mara nyingi huwatosha watu wawili. Pembeni huwekwa bakuli la chimichurri, yaani majani ya kukolezea yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na vitunguu saumu, siki na mafuta.

Marafiki hufika saa tatu za usiku au baada yake. Hubusiana shavuni, wanaume kwa wanaume pia, na hilo kwao si ajabu. Wakimaliza kula hawaondoki. Kuna neno maalum, sobremesa, la mazungumzo yanayofuata chakula, na mtumishi wa hoteli haleti hesabu mpaka aitwe, kwani kumharakisha mgeni ni utovu wa adabu.

Lakini hesabu haikosi kuja, na hapo ndipo urafiki hupimwa. Desturi ya wengi ni kuigawa sawasawa kwa vichwa. Desturi hiyo ni nyepesi pale mishahara inapolingana, bali Argentina imepitia miaka migumu. Desemba 2001 serikali iliweka kikomo cha fedha ambazo mtu angeweza kuchukua benki. Mwaka uliofuata thamani ya peso ikaporomoka, na wengi wakahamia Hispania na Italia. Mwaka 2023 bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 200. Nchi ambayo katika miaka ya 1950 kila mtu alikula karibu kilo 100 za nyama ya ng'ombe kwa mwaka, mwaka 2024 ilishuka chini ya kilo 50.

Basi katika kundi la watu wanane pengine yumo aliyepoteza kazi. Akialikwa kwenye hoteli ya ghali atasingizia mafua, na kiti chake kitakuwa kitupu. Kundi lenye busara haliulizi maswali. Huchagua parrilla ya mtaani, au huacha hoteli kabisa na kukutana nyumbani kwa mmoja wao "kwa kikapu", kama wasemavyo: huyu aje na mkate, huyu na soseji, na asiye na kitu achome nyama. Naye mchomaji, kwa mila yao, hupigiwa makofi na meza nzima.

Sisi tuishio katika kambi na nyumba za polisi tunajua jinsi uhamisho unavyotawanya marafiki. Jirani aliyemlea mtoto wako wakati ulipokuwa kazini hupelekwa kituo cha mbali, na ahadi ya "tutaonana" hupita miaka. Steki ya Buenos Aires si lazima ifike kwetu. Tunaloweza kuliiga ni kuipanga tarehe moja katika mwaka na kuitunza, na kuiandaa karamu kwa kipimo cha mwenye uwezo mdogo kuliko wote, ili asiwepo atakayelazimika kusingizia mafua.