Gari la Marehemu Chini ya Mkungu

Juma hili tunawaomba wasomaji wetu, hasa akina mama, watuvumilie tukizungumza juu ya gari kuukuu. Ukurasa huu umezoea masuala ya eda, mahari na malezi. Atakayesoma hadi mwisho ataona kwamba hatukwenda mbali na hayo.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, lile refu la nyuma, lenye safu tatu za viti. Watu wetu walilitamka Pijo, na jina hilo likageuka kuwa jina la safari yenyewe: mtu akisema amekuja kwa Pijo, hakuna aliyemuuliza maana. Wafaransa walilitoa aina hiyo mwaka 1968, na likaendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi 2004, miaka mingi baada ya kwao kuliacha. Sifa zake kwetu zilitokana na Safari Rally. Peugeot zilishinda mashindano hayo mara sita: 404 mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, kisha 504 mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na tena 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Tulikuwa wadogo mno kuyaona hayo kwa macho, lakini barazani yalisimuliwa miaka na miaka, na kila msimuliaji aliongeza tope na mawe ya kwake.

Jirani yetu mmoja Mji wa Kale alilinunua la kwake mwaka 1984, nalo lilikwisha kutumika. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo, mtu wa maneno machache. Kila ilipofika Maulidi ya Lamu alitupakia sisi wanachuo, wakubwa kwenye viti na wadogo juu ya mapaja ya wakubwa, akatupeleka hadi Mokowe tukapande mashua. Daraja la Kilifi lilikuwa halijajengwa, lilifunguliwa 1991. Basi tulisubiri kivuko kwenye jua, na yeye akafungua boneti, akainama kusikiliza injini kama tabibu asikilizaye kifua. Hatukumbuki hata safari moja ambayo gari lile lilitulaza njiani. Kijana wa siku hizo alitamani vitu viwili: kuhifadhi Qur'ani na kushika usukani wa Pijo. La kwanza Mwenyezi Mungu alitujaalia mapema.

Marehemu alifariki mwaka 2009. Gari lilibaki Kisauni, uani kwa mwanawe mkubwa, chini ya mkungu, likaota majani. Mwaka jana mwana huyo alitupigia simu. "Shekhe, kuna mtu wa vyuma chakavu ananipa elfu themanini, anataka jibu kesho. Lakini najua wewe ulilipenda. Nipe hizo hizo, ulichukue leo."

Tulikwenda jioni ile ile. Tulifungua mlango wa nyuma, ukatutokea mkononi nusu. Lakini mkono wa gia bado ulikuwa ubavuni mwa usukani, na kiti cha safu ya tatu kilikuwa na ule mshono tulioujua. Fedha tulikuwa nazo. Mama wa watoto wetu alikwisha kutuuliza maswali matatu, kuhusu karo ya skuli, kodi ya nyumba na deni la dukani, na yote yalikuwa yamejibiwa. Yeye ndiye mhasibu wetu, na hatuoni haya kulisema.

Tulimwuliza yule ndugu: "Mama yako anasemaje?" Akajibu, "Mama ni mtu mzima, Shekhe, haya ya magari hayamhusu." Tukamwuliza dada zake. Akacheka.

Hapo ndipo penye shina la maneno yetu. Katika miji yetu, nyumba ikigawiwa watu hukumbuka hesabu, lakini jokofu, cherehani, mashua, au gari bovu uani, hivyo humwendea aliye karibu navyo, na aliye karibu mara nyingi ni mwana wa kiume. Sheria haikutenga kitu kwa sababu kimeota kutu. Alichokiacha maiti ni mirathi, hata kikiwa kipimo cha kibaba. Tulimwambia hatuwezi kununua kwake kisicho chake peke yake. Akakasirika, akasema mtu wa vyuma haulizi maswali hayo. Tukamwomba siku saba. Akatupa tatu, na usiku ule hatukulala vizuri; kweli tulilitaka gari lile.

Siku ya pili tulikaa kwa yule mama, bibi wa miaka themanini na kitu, akili yake ikiwa wembe. Walikuwapo wana wawili na mabinti wawili. Binti wa tatu alisikiliza kwa simu kutoka Muscat. Wazazi wa marehemu walikuwa wametangulia mbele ya haki. Tukaeleza hesabu: katika 80,000, mke mwenye watoto ana thumuni, nayo ni 10,000. Zinazobaki 70,000 zinakuwa mafungu saba, kila mwana wa kiume mawili na kila binti moja: wana 20,000 kila mmoja, mabinti 10,000 kila mmoja. Wote wakaitikia.

Yule mama akasema, "Mwanangu, umesoma, lakini umeanzia katikati. Si deni hutangulia?"

Tukasema ndiyo, deni na wasia hutangulia, na aya za mirathi zimekariri hilo.

"Basi gari lile lilinunuliwa kwa bangili zangu sita. Za mahari yangu. Nilimkabidhi mkononi, akaenda kuziuza mwenyewe."

Mwana mkubwa akasema kwa upole, "Mama, si ulimpa baba zawadi?"

"Zawadi niliyompa baba yako ni kofia niliyoishona kwa mkono wangu, miezi minne. Bangili nilimkopesha. Alisema biashara ikitengenea atanirudishia. Haikutengenea."

Hakuna aliyesema kitu. Kisha sauti ikatoka kwenye simu. Binti wa Muscat ndiye aliyemuuguza baba yake, naye alisema kwamba siku za mwisho marehemu alimtajia deni la dhahabu ya mama, akamwomba asilisahau; alilisahau yeye katika msiba, na baadaye akaona vibaya kuzua jambo. Binti mkubwa akaongeza kwamba alikumbuka harusi moja ambayo mama yao alikwenda mikono mitupu na kusema bangili zinambana.

Wasomaji wajue kwamba dai la deni halithibiti kwa neno la mdai pekee. Lahitaji ushahidi, au warithi wenyewe wakiri. Tuliwauliza mmoja mmoja, nao ni watu wazima. Walikiri wote watano, mkubwa akiwa wa mwisho. Dhahabu iliyokopwa hulipwa dhahabu, na bangili sita kwa bei ya leo zingeweza kununua magari mabovu kadhaa. Yule mama alisema atachukua thamani ya gari yote, na kilichozidi amemsamehe mumewe. Tukamhesabia 80,000 mkononi mbele ya wanawe. Akazihesabu tena.

Ya gereji tutayapitisha haraka, ingawa tungeweza kuyasimulia hadi alfajiri. Hewa ya bahari ilikuwa imekula sakafu yote na kingo za milango. Fundi wa bodi alikata akachomelea mabati mapya kwa wiki sita. Injini ilikuwa imekwama, lakini 504 ina fadhila moja ambayo mafundi wa zamani huisifu: mirija ya silinda huchomolewa ikatiwa mipya pamoja na pistoni zake, bila ya kuchonga bloku. Tulizipata Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, baada ya kuzunguka siku mbili. Springi za nyuma, mbili kila upande, zilikuwa nzima kabisa. Tukazipaka rangi tu. Kabureta ilisafishwa mara nne. Fundi wetu, mzee aliyekwisha kustaafu, hakutaka ujira kamili, alitaka kulisikia likiwaka. Liliwaka Alhamisi moja baada ya Alasiri, likatoa moshi mweusi, kisha mweupe, kisha likatulia na sauti ile ile ya Kilifi.

Logibuku bado ilikuwa kwa jina la marehemu, kwa hiyo warithi walilazimika kwanza kufuata hati za mirathi, ndipo umiliki ubadilishwe. Mwana mkubwa ndiye aliyezifuatilia, na kwa hilo tunamshukuru. Alikwenda mara nyingi na hakutudai hata nauli.

Juma lililofuata yule mama alimtuma mjukuu wake kutuuliza siku gani tuna nafasi. Yuko na shamba la marehemu Kikambala, minazi na nyumba ya makuti, ambalo halijagawiwa tangu 2009, na ametaka tuje na kalamu. Tumemwambia Jumamosi, inshallah. Binti wa Muscat ameomba apigiwe simu mapema.