Mtihani wa Bakteria

Miaka yote niliyoongoza chuo cha ualimu niliwaonya wanachuo kuhusu maswali ya "kweli" au "si kweli". Mtoto aandikaye "kweli" kila mahali huweza kupata nusu ya alama na hajui lolote. Sasa, katika kustaafu kwangu hapa Kagondo, nasoma kwamba wataalamu wa bakteria wana taabu hiyohiyo.

Wapo bakteria wenye protini inayohisi sumu ya aseniki. Ikiunganishwa na jeni ya kutoa mwanga, bakteria hao hung'aa wakitiwa katika maji yenye sumu. Wataalamu wakitaka wahisi kitu kingine, huibadilisha jeni ya protini hiyo kiholela, wakapata maelfu ya aina, wakateua zinazong'aa, wakarudia tena na tena. Uteuzi wa namna hii, katika vimeng'enya, ndio uliompatia Frances Arnold wa Marekani nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018. Mama zetu wa Kihaya, wachaguao mbegu za maharage, wangemwelewa upesi.

Lakini wengine hung'aa hata katika maji safi! Hao ndio watoto wangu wa "kweli". Basi mitihani huwa miwili, wa kung'aa na wa kunyamaza, na ashindwaye mmojawapo hutupwa.

Aseniki majini haina rangi, harufu wala ladha, nayo imeonekana katika baadhi ya maji ya ukanda wa dhahabu wa Geita, jirani zetu. Mwanakijiji akidanganywa na bakteria asiyejua kukana, atakiacha kisima chema na kurudi bwawani na ndoo yake.