Kondoo Wanaojua Mlima Wao

Upande wa kaskazini-magharibi wa inchi ya Uingereza kuna wilaya yenye milima na maziwa mengi. Inaitwa Lake District, maana yake Wilaya ya Maziwa. Ziwa kubwa kupita yote ni Windermere; urefu wake ni kilometa 17. Mlima mrefu ni Scafell Pike. Kimo chake ni meta 978.

Wageni wengi wanafika huko. Wengine wanapanda mashua, wengine wanapanda milima. Lakini mgeni mwenye macho ataangalia pia kondoo wanaoitwa Herdwick. Mtoto wao anazaliwa mweusi. Akikua, manyoya yake yanageuka rangi ya majivu. Mvua na teluji haviwashindi.

Huko juu mlimani hakuna ukuta kati ya kundi na kundi. Basi, nani anawazuia kondoo wasipotee? Ni mama zao. Kila mama anazoeza mtoto wake kukaa mahali pao, na mtoto huyo akizaa, naye atazoeza wake.

Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia Uingereza. Kondoo na ng'ombe wengi sana waliuawa ili ugonjwa usienee. Wachungaji wa milimani walihuzunika na kuogopa. Mtu anaweza kununua kondoo wengine sokoni, lakini nani atawafundisha mlima?

Zamani mwandishi mmoja, Beatrix Potter, alipenda sana wilaya hiyo. Aliandika vitabu vya watoto juu ya sungura na wanyama wengine. Mwaka 1905 alinunua shamba la Hill Top, kisha mengine, akafuga Herdwick. Alikufa mwaka 1943. Mashamba yake hayakuuzwa: aliyaachia shirika la National Trust liyatunze, na akaagiza kondoo wale waendelee kufugwa kule milimani.

Chini bondeni kuna kuta za mawe, zilizojengwa bila simenti. Mgeni asiondoe jiwe hata moja. Akipita mlangoni, aufunge nyuma yake. Mlango ukiachwa wazi, makundi yanachanganyika, au kondoo wanatoka barabarani na kugongwa na motokari. Mbwa wake naye amfunge kamba.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayefunga mlango ndiye anayemponya mwenyeji.