Picha Thelathini na Sita

Ukipita Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, ulizia Capital Art Studio. Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, akapiga picha nyeusi na nyeupe za masultani na za mitaa yetu. Picha zile ndizo zilizonitia hamu ya kamera ya mkanda.

Mkanda wangu una picha 36 tu. Hubonyezi ovyo kama simu, unangoja. Usiku naziba dirisha la choo kwa blanketi, nasafisha mkanda mwenyewe. Hapo ndipo utakapoiona kemia yako, mtahiniwa: chembe za bromidi ya fedha zilizopigwa na mwanga hugeuzwa na dawa kuwa fedha nyeusi, zisizopigwa huyeyushwa na dawa nyingine. Ndiyo maana kwenye negativu kanzu nyeupe huwa nyeusi tii.

Picha pekee ya ujana wa bibi yangu imeliwa na unyevu, uso umefutika. Naye macho yameanza kuingia ukungu. Katika mkanda uliomo sasa nimemwekea saba za mwisho. Nimemwambia akae tu barazani. Hataki, mpaka apate kanga mpya. Basi nangoja.