Kupe au Gari la Paa la Kukunja?

Najua niliahidi kumalizia wiki hii habari za kuhamisha ile hifadhidata kubwa. Itangoja. Kwa miezi mitatu sasa, kila nikifungua tarakilishi usiku baada ya watoto kulala, sifungui msimbo wa mtu yeyote. Nafungua picha za magari yaliyoegeshwa Yokohama na Nagoya, nayakodolea macho hadi saa saba, kisha nalala bila kuamua lolote. Leo naandika ili niamue.

Swali lenyewe ni hili: gari la michezo lenye paa la chuma, au lile ambalo paa lake hukunjwa likabaki wazi? La kwanza Wafaransa waliliita coupe, nasi tukiliandika kwa Kiswahili linakuwa kupe. Hapo ndipo balaa ilipoanzia. Nilipomwambia mama kwa simu kwamba nawaza kununua kupe, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, ng'ombe wa baba yako tuliwapeleka josho kila wiki kuwatoa kupe, nawe sasa unawanunua?" Tangu siku hiyo nyumbani kwetu gari hilo halina jina lingine.

Wagombea ni wawili. Upande wa kupe kuna Toyota 86, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, pacha wa Subaru BRZ. Injini yake ni ya mitungi minne iliyolala, cc 1998. Kila mtungi una upana wa milimita 86 na pistoni husafiri milimita 86. (Jina limetokana na Corolla ya miaka ya 1980, AE86, lakini mhandisi yeyote ataona kwamba kuna mtu alifurahia sana kuzipanga hizo tarakimu.) Upande wa pili kuna Mazda Roadster, ambayo nje ya Japani watu wengi huijua kama MX-5. Ilizaliwa 1989, ikatimiza magari milioni moja mwaka 2016, na umbo lake la nne ndilo ninalolitaka, lile lililotoka 2015. Yale ya mwanzo nayapenda zaidi, ila siyapati. Sheria yetu haikubali gari lililotumika liingie nchini likiwa limepita miaka 8, na usukani lazima uwe kulia. Heri Wajapani nao hupita kushoto kama sisi.

Tuanze na uhandisi, maana hapo angalau najiamini. Bodi ya gari ni sanduku. Chukua sanduku la viatu lenye kifuniko kilichogundishwa, lishike pembe mbili ujaribu kulisokota: linakataa. Ondoa kifuniko, linajinyonga lenyewe mikononi mwako. Kwa hiyo paa la kupe si kofia, ni mfupa. Ukilikata paa gari lililobuniwa nalo, itakubidi uongeze vyuma sakafuni na kwenye vizingiti vya milango, gari liwe zito zaidi, na bado kioo cha mbele kitatetemeka ukikanyaga shimo. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Unafuta moduli moja uliyodhani ni ya mapambo tu, kumbe nusu ya mfumo ilikuwa imeiegemea. Toyota wenyewe walijaribu: mwaka 2013, kwenye maonyesho ya Geneva, walileta 86 iliyo wazi, ya majaribio. Haikuwahi kuundwa kwa ajili ya kuuzwa. Roadster ni kisa tofauti kwa sababu iliwazwa ikiwa wazi tangu mchoro wa kwanza. Ina hata fremu ndefu ya alumini inayoifunga gia pamoja na difu ya nyuma ili vitu visicheze, na toleo lake jepesi kabisa la Japani lilikuwa na kilo 990. Toyota 86 inazidi kilo 1,200.

Yupo mgombea wa tatu, Roadster RF, ambayo paa lake gumu hujikunja kwa umeme kwa sekunde 13 mkiwa mnatambaa chini ya kilomita 10 kwa saa. Lingemfaa mtu asiyeweza kuamua, yaani mimi. Lakini Japani RF huja na injini ya lita 2, na hilo linatupeleka kwa mambo ya kodi.

Niliandika kijiprogramu cha Python, mistari ishirini hivi, kwa sababu kodi zetu hubebana mgongoni na kichwa changu kilishindwa kuzifuata. Ushuru wa forodha umekuwa asilimia 35 tangu 2023. Juu ya jumla hiyo hukaa ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, asilimia 25 kwa ile ya lita 2. Juu ya hayo yote VAT, asilimia 16. (Kuna pia ada ya uagizaji na ya reli, lakini hizo ni mchuzi tu.) Tena hesabu haianzii kwa bei uliyomlipa Mjapani, huanzia thamani iliyokadiriwa na mamlaka ya ushuru. Thamani hiyo ikiwa shilingi milioni 1, injini ndogo itakudai 879,200, na kubwa 957,500. Tofauti ni 78,300. Sasa tazama: Roadster ya turubai ina injini ya cc 1496. Cc 4 chini ya mstari! Niliposoma namba hiyo nilicheka peke yangu sebuleni hadi mke wangu akatoka chumbani kuuliza kulikoni.

Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, maana ni mhasibu na hesabu haimtishi. Kisha akauliza swali ambalo programu yangu haikuwa nalo: "Sasa baba watoto, gari la viti viwili. Sisi tuko wanne. Unamwacha nani?"

Sikujibu. Toyota 86 ina viti vinne, angalau kwenye karatasi. Nilipokwenda kuiendesha yadi moja hapa Nairobi kijana wangu wa miaka tisa alikaa nyuma, magoti kifuani, akasema iko sawa kwa sauti ya mtu anayengoja ishe. Dada yake wa miaka kumi na mitatu alikataa kuingia. Lakini lilikuwa gari zuri sana. Unalala chini karibu na barabara, usukani unakuambia kila jiwe, na ukiifunga milango unajiona umo ndani ya kitu kimoja kizima. Usalama pia upo. Mji huu ukiegesha vibaya unarudi ukute vioo vya pembeni vimeondoka. Turubai hukatwa kwa kisu cha jikoni.

Na kuna barabara ya Mombasa. Nyumbani kwetu ni Wundanyi, na safari ya kwenda huko ni trela baada ya trela hadi Voi. Ukiwa ndani ya Roadster iliyo wazi macho yako yako sawa na gurudumu la trela, moshi unakuingia puani, vumbi linakaa kwenye meno. Watu hudhani gari la wazi ni la jua kali. La hasha. Jua la saa saba mchana hapa kwetu litakukaanga utosi. Gari hili ni la alfajiri na la jioni, na la ile miezi ya Julai na Agosti Nairobi inapojifunika mawingu. Baada ya Mwatate, barabara inapoanza kujipinda kupanda milima ya Taita, hapo ndipo ningelikunja paa. Kilomita kumi na kitu za raha baada ya zaidi ya mia tatu za moshi.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa imeelekea kwa kupe. Nilikuwa karibu kutuma pesa.

Mwezi wa nane mama alikuja Nairobi kumwona daktari wa magoti. Jumamosi yake nikampeleka yadi aione 86, nikitaka baraka zake, nadhani. Aliingiza mguu mmoja, shingo ikamwinama, akakwama hapo hapo kati ya ndani na nje. "Mwanangu, hapa ndio naingia ama ndio natoka?" Tulimtoa polepole, mimi na muuzaji.

Rafiki yangu mmoja anayo Roadster. Alituazima kesho yake, paa likiwa chini. Mama aliipa mgongo, akashika ukingo wa kioo cha mbele, akakaa kama anavyokaa kigodani. Hakukuwa na kitu cha kuinamia. Hilo sikuliona kwenye ukurasa wowote wa takwimu, na nimezisoma zote. Akajifunga leso kichwani, tukashika njia ya Limuru.

Hakusema neno hadi karibu na Tigoni, ambako majani chai huanza pande zote mbili. Ndipo akasema, "Baba yako alikuwa akinibeba hivi kwa pikipiki." Mimi sikuwahi kujua kwamba baba alikuwa na pikipiki. Aliiuza nilipozaliwa, alisema, wakaezeka ile nyumba. Kisha akainua macho juu, akaangalia mawingu kwa muda. "Hata mimi siku hizi naona anga namna hii. Nikiwa kitandani."

Ile nyumba imeezekwa kwa mabati ya wakati huo. Nilijua yamepata kutu. Sikujua yamefika hapo, na sikuwa nimeuliza.

Pesa zangu za gari ni za kazi za kando za miaka sita, hasa programu ya hesabu niliyokiandikia chama kimoja cha akiba na mikopo. Nilitoa 340,000. Mabati, mbao, misumari, fundi na kijana wake, siku tisa. Kilichobaki hakifikii gari lolote kati ya hayo mawili, na nikipiga hesabu nahitaji miezi minane au tisa zaidi, Mungu akipenda na wateja wakilipa kwa wakati (wateja, mnajijua).

Lakini nimeamua. Ni Roadster, ya turubai, cc 1496, gia za mkono. Fielder yetu inabaki kwa safari za watu wanne na za trela. Swali la nani anaachwa limechukuliwa na binti yangu, ambaye ameshachora ratiba ya Jumamosi na kuibandika kwenye friji. Mimi ndiye dereva, kwa hiyo zamu ni ya kiti kimoja tu. Kijana analalamika kwamba dada yake amejipa zamu mbili za kwanza. Nimeangalia, ni kweli.

Jana mama alipiga simu. Wundanyi ilinyesha usiku kucha. Anasema kelele za mabati mapya zilimnyima usingizi.